Mgombea Udiwani Akibisha Hodi, Mama Muulize Ataanza na Lipi

Msimu wa kampeni hatuna shida ya kuahidiwa. Mgombea udiwani hufika mtaani na gari la vipaza sauti, akatuahidi barabara ya lami, maji, umeme, zahanati, soko, shule mpya na kazi kwa vijana wote. Akina mama tunapiga vigelegele, tunapokea kanga na kofia, naye anaondoka. Baada ya miaka mitano anarudi kuomba tena, na mtaro ni ule ule, umejaa taka zile zile.

Je, tulimwuliza ataanza na lipi? Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu ameshika kumi! Mgombea wa kweli huja na mambo matatu au manne, ameyapanga kwa uzito, na anajua fedha zitatoka wapi. Hivyo ndivyo vipaumbele. Mama anayelea watoto katika mtaa uliosahauliwa anapaswa kuvipima kama anavyopima unga dukani.

Tuchukue mfano wa kata ya Vingunguti, Dar es Salaam. Kata hiyo iko Ilala, ambayo tangu Februari 2021 ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Wengi wetu tunaijua kwa machinjio yake. Iko karibu na viwanda na Mto Msimbazi, na nyumba zake nyingi zimebanana bila kupimwa. Kata za namna hiyo ni nyingi mijini, na huenda yako ni mojawapo.

Lililo lake na lisilo lake

Kwanza tujue kazi ya diwani. Yeye ni mjumbe wa baraza la halmashauri na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Baraza la madiwani hupitisha bajeti ya halmashauri na kutunga sheria ndogo. Zahanati, vituo vya afya, majengo ya shule za msingi na sekondari, masoko na uzoaji wa taka ni mambo ya halmashauri. Hapo diwani ana sauti na ana kura.

Lakini barabara za mitaa, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Maji ya bomba na majitaka Dar es Salaam ni kazi ya DAWASA, na umeme ni wa TANESCO. Huko diwani anaweza kuomba, kufuatilia na kusumbua ofisi, lakini hana amri. Mgombea anayesema, "Nitawaletea lami," ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anatudanganya. Anayesema, "Hili nitalifanya, na hili nitakwenda kuliombea," huyo msikilizeni.

La kwanza: vyoo, taka na mitaro

Mimi ni muuguzi. Ukiniuliza kata iliyobanana ianze na nini, sitasema lami. Nitasema kinyesi, ingawa wengine wataona haya kulitaja jambo hilo jukwaani. Katika chumba cha watoto huwa hatuulizi mvua imenyesha lini, maana tunaiona kwa watoto wanaoletwa: kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na minyoo.

Chanzo chake tunakijua. Choo kimejaa na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita kwenye kichochoro. Mvua kubwa ikinyesha, mwenye nyumba anatapisha choo, na uchafu unatiririka mbele ya milango hadi kwenye visima vifupi. Mtoto anachezea hapo hapo. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam na baadaye kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Dawa za wodini ziliokoa wengi, lakini mlango wa ugonjwa ulikuwa huko nyumbani, chooni na kisimani.

Hapa Vingunguti ina somo kwetu. Sehemu ya wakazi wake, wakishirikiana na asasi ya kijamii na mamlaka ya maji, waliunganisha vyoo vyao na mabomba madogo ya majitaka. Mabomba hayo hupita vichochoroni na kupeleka uchafu kwenye mabwawa ya majitaka yaliyo jirani. Hayahitaji barabara pana wala kubomoa nyumba nyingi. Hayakumaliza shida ya kata nzima, lakini yameonyesha kwamba nyumba kubanana si sababu ya kukaa bila choo bora.

Kwa hiyo mgombea aseme: vyoo vya mitaa ipi vitashughulikiwa kwanza, na ataketi na DAWASA kuhusu nini? Taka zitazolewa siku zipi, na nani atamsimamia mzoaji tunayemlipa kila mwezi? Mtaro wa barabara unaweza kujengwa na TARURA, lakini taka zinazouziba ni jukumu la halmashauri. Asipowakutanisha wote wawili, kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole, na maji yataingia chumbani kwako.

La pili: mama anayejifungua usiku

Mpango wa serikali wa maendeleo ya afya ya msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulilenga kila kata iwe na kituo cha afya. Ni lengo jema, lakini jengo peke yake halizalishi mtu. Uchungu hauchagui saa. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili tu. Saa hizo haziruhusu kutafuta bajaji na kumwamsha jirani akukopeshe nauli.

Mgombea akisema atajenga zahanati, muulize kama itafungua usiku. Je, kutakuwa na wauguzi wa zamu na nyumba zao karibu? Maji na taa je? Mgonjwa akizidiwa, atafikishwaje hospitali ya rufaa? Wakati mwingine kata haihitaji jengo jipya. Inahitaji lile lililopo lipate tangi la maji, taa na mtumishi wa usiku. Hilo ni la gharama ndogo na huanza kuokoa watu mapema, ingawa halina utepe wa kukata mbele ya wapiga picha.

La tatu: fedha yetu ya asilimia kumi

Akina mama wengi hawajui kwamba, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji wake, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Mgombea asije kutuambia kwamba atatupa mikopo kutoka mfukoni mwake. Si hisani yake, ni sheria. Tumwulize atahakikishaje kwamba vikundi vya kata yetu vinasajiliwa, vinafundishwa kutunza hesabu, na havipitwi na vikundi hewa. Nasi tutimize wajibu wetu: tukikopa, turudishe, ili mwenzetu naye apate.

Maswali ya kumwuliza

Akibisha hodi, mkaribishe kwa heshima, mpe kiti, kisha umwulize kwa upole:

1. Katika ahadi zako zote, ipi ni ya kwanza, na kwa nini?
2. Hilo ni la halmashauri, au utaliomba kwingine?
3. Fedha zake zitatoka wapi?
4. Baada ya mwaka mmoja, tutaona nini kwa macho yetu?
5. Utafanya mikutano na wananchi wapi, na kila baada ya muda gani?

Swali la nne ni la muhimu sana. Atakayejibu, "Mtaona mabadiliko makubwa," hajajibu. Atakayejibu, "Mtaona taka zinazolewa kila Jumanne na Ijumaa," amekupa kipimo cha kumpimia.

Baada ya kura

Madiwani huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi mkuu wa mwisho ulikuwa Oktoba 2025. Usidhani basi kwamba maswali haya yangoje uchaguzi ujao. Aliyeko madarakani ndiye wa kuulizwa sasa.

Nenda kwenye mkutano wa mtaa, hata kama umeacha maharage jikoni. Mwombe binti akuangalizie. Dai usomewe mapato na matumizi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Anayengoja Juni ndipo aseme zahanati haina maji, amechelewa. Mikutano ya baraza la madiwani nayo iko wazi kwa wananchi. Akina mama watano wa kikundi wakienda kukaa nyuma na kusikiliza, diwani atajua kwamba kuna wanaomsikia.

Tuwakumbuke pia madiwani wanawake wa viti maalum, ambao sheria imewawekea nafasi katika baraza. Wao wanajua uchungu ni nini na ndoo ya maji ina uzito gani. Waalikeni kwenye vikundi vyenu, muwape orodha fupi ya mambo yenu matatu.

Kanga ya kampeni itachakaa baada ya kufuliwa mara chache. Mtoto asiyeugua kuhara kwa sababu mtaro ulizibuliwa atakua, atasoma, na atakutunza uzeeni. Mama, kura yako ipe thamani hiyo.