Volkano ya Morogoro

Mwezi uliopita, katika ofisi ya tawi letu hapa mjini Morogoro, lilizuka jambo dogo lililotuchukulia jioni nzima. Vijana wa mtaa walileta barua ya kuomba timu yao ya kandanda itambuliwe ili ishiriki mashindano ya kata. Barua yao ilikuwa safi, katiba imechapwa vizuri, na majina ya viongozi yalikuwa kamili. Kwa macho yangu mimi niliyekalia kiti siku hiyo, kasoro ilikuwa moja tu: timu ilijiita Volkano.

Nilikataa. Nilisema, kwa sauti ya mtu mwenye muhuri mkononi, kwamba jina hilo ni la kigeni, na tena ni la uongo, kwani Uluguru si mlima wa moto. Nikawataka watafute jina lenye maana kwa wananchi. Nahodha wao, kijana mwenye adabu, akajibu taratibu: "Ndugu Katibu, jina hili hatukulitoa kitabuni. Tumelikuta kwa babu zetu." Hapo mzee mmoja, mjumbe wa halmashauri ya tawi, ambaye sote tulidhani amesinzia, akafumbua macho na kuniambia: "Mwanangu, kabla hujapiga muhuri wako, kaulize Supa Volkano ilikuwa ya nani."

Kikao kiliahirishwa. Tangu jioni ile nimekuwa nikilifuatilia neno hili, na nakiri mbele ya wasomaji kuwa nililihukumu kabla ya kulijua.

Kuhusu mlima nilikuwa na haki. Uluguru ni mmoja wa Milima ya Tao la Mashariki, ndugu wa Usambara, Nguru na Udzungwa. Miamba yake ni ya kale mno. Ilipikwa na kugandamizwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha ikainuliwa na mipasuko ya ardhi hadi kilele cha Kimhandu kikapita mita 2,600. Wakoloni walichimba ulanga katika miamba hiyo. Hakuna kasoko huku wala jivu la volkano. Moshi tunaouona mabondeni wakati wa kiangazi ni wa mashamba yanayochomwa, na kitu ambacho mlima huu huwapa watu ni maji: Mto Ruvu huanzia huku, na wakazi wa Dar es Salaam huunywa kila siku, wengi wao bila kujua umetoka wapi. Mwenye kutaka moto wa ardhini katika nchi yetu na aende kaskazini, kwenye Mlima Meru uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, au Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Mlima huo ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, na ujiuji wake hutoka mweusi kisha, ukipatwa na unyevu wa hewa, hugeuka mweupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani itoayo ujiuji wa aina hiyo.

Lakini kuhusu ugeni wa neno, haki yangu ilianza kuyeyuka. Mimi nililipata neno hili kwa milango mitatu. Shuleni mwalimu wa jiografia aliandika ubaoni "volkeno". Mtaani tulisema "volkano". Na chuoni, nilikosomea Kurani, maalimu wetu alipotusimulia habari za nchi za mbali aliuita mlima wa moto "burkani", kwa Kiarabu. Nilikua nikidhani hayo ni maneno mawili, moja la Wazungu na moja la Waarabu. Kumbe nyumba ni moja. Kaskazini ya kisiwa cha Sisili, katika nchi ya Italia, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Vulcano, na Warumi wa kale waliamini kuwa Vulcanus, mungu wao wa moto na wa wahunzi, alikuwa na kiwanda chake chini ya kisiwa hicho. Waitaliani wakalitwaa jina la kisiwa wakaliita kila mlima utoao moto. Waingereza wakalichukua kwao katika karne ya 17. Nasi tukalipata kwa Waingereza. Waarabu kwa upande wao waliuita mlima Etna, ulioko huko huko Sisili, Jabal al-Burkan, tangu zama za kati. Kwa hiyo neno lilianza likiwa jina la mahali pamoja tu, likawa neno la kawaida, kisha likarudi tena kuwa jina, safari hii la vitu visivyohesabika.

Wala si peke yake katika safari hiyo. Gazeti ulilonalo mkononi limeitwa hivyo kutokana na Wavenisi, na benki unakoweka akiba, ukiifuatilia kwa Waingereza, utaishia kwenye "banca" ya Waitaliani. Tofauti ni kwamba maneno hayo ilibidi tuyatie irabu mwishoni ndipo yakakaa vizuri mdomoni mwetu. Volkano lilikuja na irabu zake tayari. Nadhani hiyo ni sababu moja iliyolifanya lipendwe.

Sasa tazama lilikofika. Huko Goma, mashariki ya Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, kuna mtaa uitwao Les Volcans. Wakazi wa Goma hawakujiita hivyo kwa mzaha: Januari 17, 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na Mei 22, 2021 ukashuka tena hadi ukingoni mwa mji. Nchini Rwanda, hifadhi ya taifa wanamoishi sokwe wa milimani huitwa, kwa Kifaransa, Hifadhi ya Volkano, ingawa Wanyarwanda wana neno lao wenyewe, ambalo ndilo lililozaa jina la Virunga. Na kampuni ya mabasi ya huko Kigali inaitwa Volcano Express. Huko Moroni, Ngazija, chini ya mlima Karthala uliolipuka mara mbili mwaka 2005, kuna klabu ya kandanda iitwayo Volcan Club. Hawa wote wanaishi jirani na moto na wamelichukua jina la jirani yao.

Wako waliolitwaa ili kutisha. Wahouthi wa Yemen waliyaita makombora yao Burkan, na Novemba 2017 wakarusha moja kuelekea Riyadh.

Na wako waliolichukua kwa kukosea tu. Katika jimbo la California, Marekani, kuna kijiji kinaitwa Volcano. Wachimba dhahabu wa miaka ya 1840 walifika katika bonde lenye umbo la bakuli, wakadhani ni kasoko, wakapaita hivyo. Haikuwa kasoko. Jina lilibaki hadi leo, na sijasikia kuwa yupo katibu wa tawi aliyewanyima muhuri.

Morogoro tuko wapi katika orodha hiyo? Hatukulichukua kwa ujirani, wala kwa kutisha, wala kwa kukosea. Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gita la solo (na solo nalo, kama hujui, ni neno la Waitaliani), alijitoa katika Morogoro Jazz, bendi iliyomlea na kumpa jina, bendi iliyoiwakilisha nchi yetu katika maonyesho makubwa ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Akaanzisha bendi yake mwenyewe. Ilihitaji moyo. Wakati ule bendi nyingi zilikuwa chini ya mashirika na vyombo vya umma: wafanyakazi walikuwa na NUTA Jazz, polisi walikuwa na Polisi Jazz, na mwanamuziki aliyekuwa huko alikuwa na vyombo na mshahara. Mbaraka alitoka kwenye kivuli akasimama juani, na bendi yake akaiita Super Volcano.

Wapo waliokerwa na majina ya namna hiyo, na mimi, ingawa nilizaliwa baada ya kifo chake, ningalikuwa mmoja wao. Lakini mji huu haukuwa mgeni wa majina ya ng'ambo. Mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha hapa hapa bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba, na yeye hakuwa Mkuba. Morogoro Jazz yenyewe haikupiga ule muziki ambao Wamarekani wanauita jazi. Baadaye Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na bendi iliyoitwa Kimbunga, kwa Kiswahili fasaha kabisa, na hakuna aliyesimama kuuliza kama kimbunga hupiga kila mwaka hapa kwetu. Kila mtu alielewa kuwa linasifiwa vumi la muziki, si hali ya hewa. Kwa nini basi Mbaraka adaiwe kasoko?

Jirani zetu wa Zaire walijaribu njia nyingine. Mwaka 1972 Mobutu aliwaamuru raia wake waache majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika. Hata hilo jina la Zaire, lililopewa nchi mwaka mmoja kabla kwa nia hiyo hiyo ya kurudi asilini, lilikuwa neno la Kikongo lililopotoshwa vinywani mwa Wareno. Sisi hatukuwa na amri ya namna hiyo, nami nashukuru. Bendi yenye jina la Kiitaliani iliimba kwa Kiswahili, na wimbo wake "Shida" ukasikika Tanzania na Kenya, kwani haikuwapo nyumba isiyoijua shida yenyewe. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34 tu. Bendi haikudumu sana baada yake. Jina ndilo lililodumu.

Hapa ndipo nilipomwelewa yule kijana aliposema wamelikuta kwa babu zao. Kwetu Uluguru jina halikuwa kamwe maelezo ya kitu tu. Kule Kinole, anayekalia kiti cha ukoo wa watemi huitwa Kingalu, kama alivyoitwa aliyemtangulia na wa kabla yake, na hakuna anayemchunguza Kingalu mpya kama anafanana sura na wa kwanza. Amerithi jina pamoja na mzigo wake, na watu wanamngoja waone ataubeba vipi. Nami nilikuwa nikiwapima vijana wa mtaa kwa miamba ya mlima, ilhali walikuwa wamesimama mbele yangu kama warithi.

Kikao kiliporudi niliomba radhi. Mzee alicheka hadi akakohoa. Alisema katika ujana wake aliwahi kutembea kwa miguu usiku kucha kutoka kijijini kwake mlimani ili awahi dansi ya Supa Volkano mjini, akafika viatu mkononi, na hakumwona mtu hata mmoja mlangoni akiuliza maana ya jina. Barua ikapigwa muhuri. Nilisisitiza jambo moja tu, kwamba waliandike kwa tahajia ya Kiswahili, k mahali pa c, nao wakakubali bila ubishi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani kuwatazama. Fulana zilikuwa mpya, za rangi nyekundu, na mgongoni zimeandikwa kwa herufi kubwa VOLKENO. Fundi aliyezichapa alikuwa amelinyoosha jina kwa kitabu cha jiografia cha mwanawe, na fedha ya kurudia haikuwapo. Wakafungwa mabao mawili kwa moja.