Mtoto ana homa, meno yanasingiziwa

MASKATI - Simu ililia saa tatu za usiku katika nyumba moja ya mtaa wa Al Khuwair, ambamo tulikuwa tumealikwa kahawa. Aliyepiga alikuwa bibi yake mtoto, kutoka Tabora. Mjukuu ana miezi saba, anaharisha tangu jana yake na mwili unachemka. Bibi hakuhitaji kuambiwa zaidi: "Hayo ni meno ya plastiki, mwanangu. Tafuteni mtu amtoe." Mama mtoto alibaki kimya na simu sikioni. Kumkatalia mama mzazi si jambo jepesi.

Meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita ya nailoni, yalivuma Tanzania katika miaka ya 1980. Imani kama hiyo ipo pia Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia. Mtoto akipata homa na kuharisha, hufunuliwa kinywa, na ule uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali pa chonge, huambiwa ndio mchawi. Huchimbuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Kinachotoka si plastiki hata kidogo. Ni jino la chonge la utotoni ambalo bado ni laini kwa kuwa halijakomaa. Mtoto anaweza kutokwa na damu nyingi au kupata pepopunda, na jino la ukubwani lililo chini yake likaharibika au lisiote maisha. Maradhi yaliyoleta homa yanabaki pale pale.

Hofu ya meno si ngeni kwetu. Wazee wa mwambao walimwita kigego mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, wakamhofia kuwa ana nuksi.

Tatizo ni kuwa meno huja wakati mbaya. Jino la kwanza, aghalabu la mbele chini, huota kiasi cha miezi 6. Wakati huo huo kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama inapungua, uji unaanza, mtoto anatambaa na kila akiokotacho anakitia kinywani. Kuota meno kunaleta udenda, kulialia na ufizi kuvimba. Hakuleti homa kali wala kuharisha. Na hapa Maskati, ambako Juni na Julai joto hupita nyuzi 40, mtoto anayeharisha hukaukiwa na maji upesi. Anyonyeshwe, apewe maji ya chumvichumvi ya paketi, apelekwe hospitali.

Matayarisho yenyewe ya meno ni madogo. Kabla halijatokeza, ufizi hupanguswa kwa kitambaa safi kilicholoweshwa. Likishatokeza, ni mswaki laini mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele, mpaka miaka 3. Ufizi ukimsumbua, apewe kitambaa kilichopoozwa kwenye friji atafune. Zile jeli za ganzi zenye benzokaini tuachane nazo. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 2. Daktari wa meno amwone kabla ya kutimiza mwaka.

Sisi wa huku tuna kosa letu, wala hatuwezi kumtupia bibi: chupa ya maziwa ya sukari, au juisi, anayolala nayo mtoto hadi alfajiri. Meno ya mbele ya juu huoza kabla yote 20 hayajatimia.

Usiku ule baba mtoto alichukua funguo za gari. Daktari alisema ni tumbo. Tabora walipopigiwa, bibi aliuliza neno moja tu: na ufizi ameutazama? Alikuwa ameutazama. Kulikuwa na kajino kamoja, chini, ndio kwanza kanachungulia.