Kompyuta ya motere ikifa: tupime kwanza, feza itoke nyuma

Wengi kati yetu hatuendeshi motokari, lakini kazi yetu inapita ndani yake kila siku. Unga wa muhogo, maharagwe na mafuta ya mawese vinafika soko la Kadutu kwa motokari. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku anafikishwa materinite kwa motokari. Vikundi vingine, kama chetu, vimejikaza mpaka kununua motokari moja ya zamani kwa feza ya likelemba. Ikilala garajini majuma matatu, ni sisi tunaoumia.

Juma hili tunaongea juu ya ugonjwa mmoja wa motokari hizo: kufa kwa kompyuta ya motere, ile ambayo mafundi wanaiita kalkilateri. Tunataka kila mama ajue ni kitu gani, namna gani inapimwa, na maswali gani ya kumuuliza fundi kabla ya kufungua sanduku la kikundi.

Kalkilateri ni nini?

Ni kisanduku bapa cha chuma, ukubwa wa kitabu. Katika Toyota nyingi za zamani kimefichwa nyuma ya kile kidroo kilicho mbele ya abiria, au chini ya tapi. Kazi yake ni kama ya mama aliye mbele ya chungu: anaangalia moto, anaonja, kisha anaamua aongeze nini. Vidude vidogo vinavyoitwa kapteri vinaipa habari: maji ya motere yana joto gani, hewa inayoingia ni kiasi gani, motere inazunguka kwa mwendo gani. Yenyewe inaamua esanse ngapi imwagwe, na bujii zitoe cheche saa gani.

Ndani yake mna vikopo vidogo vinavyoitwa kondansateri, vyenye maji ya dawa. Katika motokari nyingi za Japani za miaka ya 1990, vikopo hivyo vimezeeka na kuvuja. Maji yale yanakula njia nyembamba za shaba ambamo umeme unapita. Kalkilateri inaweza pia kuharibika kwa kuingiwa na maji, kwa kuunganisha batri huku nyaya zimegeuzwa, kwa kuchomelea bodi bila kufungua batri, au kwa bobini iliyoungua na kuirudishia umeme mbaya.

Dalili zake, na mtego wake

Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa ndogo ya motere inapaswa kuwaka, kisha izimike motere ikishashika. Isipowaka kabisa, ni ishara ya kuchunguza. Dalili nyingine ni motere kuzimika ikishapata joto na kukubali tena ikipoa, kutetemeka, kula esanse nyingi, au kutoa moshi mweusi.

Mtego uko hapa: kila moja ya dalili hizo inaweza kuletwa pia na kitu cha bei ndogo. Kapteri mbovu, waya uliolegea, kutu kwenye batri, hata balbu ya taa iliyoungua. Mtu anayesema “ni kalkilateri” bila kupima chochote anabahatisha kwa feza yako.

Yaliyotupata sisi

Toyota yetu ilianza kuzimika kwenye njia ya Kavumu. Inatembea dakika ishirini, inakufa. Tunangoja ipoe, inawaka. Garaji ya kwanza haikupima. Fundi alisikiliza maelezo yetu, akasema kalkilateri imekufa, tulete dola 250. Sandukuni mlikuwa na dola 310, na sehemu yake ilikuwa imekwisha kuahidiwa wenzetu wawili waliokuwa karibu kujifungua. Katika mkutano wengine walisema tulipe tu, wengine walisema tuiuze kama chuma. Tulikubaliana neno moja: hakuna dola itakayotoka mpaka tuonyeshwe ugonjwa kwa macho.

Tulichagua wamama wawili waende na motokari kwa fundi mwingine, wakae pale mpaka mwisho. Huyu alianza na vya rahisi: batri na vichwa vyake, fizibu, relai, kisha mase, yaani waya unaofunga motere na bodi. Baadaye aliunganisha matundu mawili ya kisanduku cha kupimia kwa kipande cha waya, akahesabu taa ya motere inavyopepesa. Katika Toyota za wakati ule, mipepeso ni namba. Yetu ilitoa 14, maana yake kalkilateri haipati jibu kutoka upande wa kuwasha cheche.

Hata hapo hakusema tununue. Alipima nyaya: ziko sawa. Akaazima kwa saa moja sehemu ya kuwashia cheche ya motokari nyingine: ugonjwa ukabaki. Ndipo akafungua kalkilateri mbele ya wale wamama. Ilinuka kama samaki aliyeoza. Kondansateri mbili zilikuwa zimevuja, na njia ya shaba chini yake imeliwa na kukatika. Aliwaeleza kwamba kama ingekuwa kondansateri peke yake, fundi hodari wa radio angezibadilisha kwa feza kidogo. Yetu ilikuwa imeharibika kupita hapo.

Kununua ya mtumba

Kila kalkilateri ina namba juu ya karatasi yake. Katika Toyota nyingi inaanza na 89661. Tuliiandika yote, tukaipiga na picha. Muuzaji wa kwanza alituletea nyingine yenye sura ile ile na plagi zile zile, lakini tarakimu za mwisho hazikulingana. Ilikuwa ya motokari inayojibadilishia vitesi yenyewe, na yetu ni ya kubadilisha kwa mkono. Tuliirudisha. Siku nne baadaye ikapatikana yenye namba yetu kamili.

Mambo mengine ya kuangalia: isinuke, isiwe na kutu, na sindano zake zisiwe zimepinda. Kama ufunguo wa motokari una chipu, kalkilateri ngeni inaweza kukataa kuwasha mpaka ipangwe upya au ije na vyombo vyake. Uliza kabla ya kulipa. Na mwandikiane karatasi: ikikataa, anairudisha kwa siku ngapi?

Kuibadilisha

Kazi yenyewe si ndefu. Fundi anatafuta kwanza kilichoua ile ya zamani. Kama ni bobini au maji yanayovuja kutoka kioo cha mbele, kitatengenezwa mbele, la sivyo mpya itakufa vilevile. Anazima ufunguo, anafungua waya wa kutoa wa batri, anangoja kidogo. Anabonyeza vifungo vya plagi na kuvuta plagi, si nyaya. Hagusi sindano kwa vidole. Anaweka nyingine, anaifunga na skrubu zake zote, anarudisha batri, anawasha, anaacha motere ipate joto. Kisha mnaijaribu barabarani kwa muda mrefu kuliko ule iliokuwa ikizimika. Sisi tuliipeleka mpaka Kavumu na kurudi.

Kila kitu pamoja, tulitoa dola 130. Wale wenzetu wawili walipata feza yao siku iliyopangwa, na mmoja wao alipelekwa materinite na motokari hiyo hiyo.

Tushike haya

Fundi asiyetaka mama amwulize swali, tumwache, tutafute mwingine. Kuuliza si kumdharau fundi. Feza ni jasho la wengi. Kila kikundi chenye motokari kichague wamama wawili wa kuisindikiza garajini, na kiwe na daftari moja: tarehe, kilichopimwa, kilichobadilishwa, namba ya kifaa, bei. Kifaa cha zamani kirudi nyumbani pamoja na motokari. Dereva asimwage maji ndani ya motere wakati wa kuosha, na anapoazima batri ahakikishe mara mbili wapi kuongeza na wapi kutoa.

Katika mkutano wa juma linalokuja, someni haya kwa sauti, kisha muulizane: daftari la motokari yetu liko wapi, na nani analishika?