Mwepu alijua sheria: ukweli wa mpira wa adhabu wa 1974

KALEMIE – Wapenzi wa mpira wa Kalemie, kama Wakongo wengine, wanakijua kisa hiki hata waliozaliwa miaka mingi baadaye. Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Brazil inaongoza dhidi ya Zaire kwenye Kombe la Dunia na imepata mpira wa adhabu. Filimbi inalia. Kabla Mbrazili yeyote hajaugusa, beki Mwepu Ilunga anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mbali.

Mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania alimwonyesha kadi ya njano. Dunia ilicheka. Kwa miaka mingi ikasemwa kuwa Waafrika walikwenda huko bila kujua sheria.

Lakini Mwepu, mchezaji wa klabu ya Lubumbashi ambayo leo ni TP Mazembe, alikuwa ametwaa Kombe la Mataifa ya Afrika miezi mitatu tu kabla. Baadaye alieleza kwamba alifanya makusudi. Wachezaji hawakuwa wamelipwa marupurupu yao, naye alitaka kadi nyekundu. Alisimulia pia kwamba baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia, watu wa Rais Mobutu waliwatisha: wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, wasirudi nyumbani.

Hapo ndipo sheria inapoacha mwanya. Wapinzani hutakiwa kukaa mita 9.15 mpaka mpira upigwe. Anayevunja hupewa kadi ya njano, na mpira hurudiwa. Adhabu ni hiyo hiyo, iwe dakika ya kwanza au ya mwisho. Hivyo timu iliyobanwa inaweza kununua muda na pumzi kwa kadi moja tu.

Mwanya wa pili ulimuumiza asiye na kosa. Siku nne kabla, katika mechi ya Yugoslavia, mchezaji wa Zaire alimpiga teke mwamuzi Omar Delgado wa Colombia kwa nyuma. Aliyetolewa nje ni Ndaye Mulamba, aliyekuwa amefunga mabao 9 kwenye Kombe la Afrika mwaka huo. Alilalamika bure, na mechi ya Brazil hakucheza. Mwepu alikuja kukiri kuwa teke lile lilikuwa lake.

Leo VAR, iliyoanza kutumika kwenye Kombe la Dunia mwaka 2018, inaruhusiwa kuingilia kati mwamuzi akimwadhibu mtu asiye mwenye kosa.

Mwepu alifariki mwaka 2015. Dunia ilikuwa imeanza kumwelewa, lakini Ndaye hakurudishiwa mechi yake.

Kwenye viwanja vya mitaa, ambako hakuna VAR, kosa kama hilo bado linaweza kumwangukia mtu yeyote. Huko kinga ni ile iliyokosekana siku ile: mwenye kosa ajitaje, na nahodha amwambie mwamuzi ukweli kabla mchezo haujaendelea.