Chipsi za Kikundi: Nunueni Gunia, Mgandishe

Akina mama wengi wa Kibera na Kawangware hununua viazi kidogo kidogo, na hivyo hulipa zaidi. Shida ya gunia ni kwamba shangi, kiazi kinachouzwa sana Nairobi, huchipua upesi. Kikundi chenye friza kinaweza kununua gunia la kilo 50 pamoja.

Menyeni, mkate vipande vya unene sawa, msuuze. Chemsheni dakika 3 hadi 5 tu, visiive. Kausheni kabisa kwa kitambaa safi, maana maji yakibaki mafuta yataruka. Kaangeni kidogo, mtoe kabla havijabadilika rangi. Vikipoa, tandazeni kwa sinia ndani ya friza. Vikishaganda mtie kwa mikebe yenye vifuniko. (Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku 2017.)

Msigandishe viazi vibichi, vitakuwa vyeusi na tepetepe. Vya kijani tupeni, vina sumu.

Siku ya kula, vitoke kwa friza moja kwa moja hadi karai, kidogo kidogo.

Kununua friza kwa sababu ya chipsi pekee hakulipi. Muulizeni kwanza mwanachama mwenye duka. Na stima ikipotea, msifungue mlango. Vikiyeyuka, kaangeni siku hiyo hiyo.