Tiba ya Uraibu wa Pombe Kisiwani Mafia: Kumpimia Kila Mgonjwa Njia Yake

Kisiwa cha Mafia kimeishi kwa mnazi na bahari tangu zamani, na mnazi huohuo unaotoa nazi, mafuta, makuti na kamba ndio unaotoa tembo. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye karara alfajiri huwa matamu; kufikia alasiri hamira za asili zimekwisha kuyageuza kuwa kileo, na yakilala hadi kesho yake huwa makali. Ingawa wakazi wengi wa kisiwa hicho ni Waislamu, tembo halijawahi kukosa wanywaji, na siku hizi bia na pombe kali za viwandani huvuka bahari kama bidhaa nyingine yoyote. Miongoni mwa wanywaji hao wamo waliokwisha kujaribu kuacha mara nyingi wakashindwa. Hao ni wagonjwa, na ugonjwa wao una tiba.

Jamii inapoitaja tiba hiyo, kwa kawaida hufikiria safari. Mgonjwa huondolewa kisiwani, hupelekwa kwenye wodi ya magonjwa ya akili Dar es Salaam au katika Hospitali ya Mirembe, Dodoma, au huingizwa katika nyumba ya upataji nafuu huko bara au Unguja. Nyingi ya nyumba hizo hufuata hatua kumi na mbili, utaratibu uliozaliwa katika chama cha walevi waliokusudia kuacha, kilichoanzishwa Akron, Marekani, mwaka 1935. Humo mgonjwa hukaa mbali na nyumbani, hukiri udhaifu wake mbele ya wenzake, na huahidi kutoonja tena hata tone.

Njia hiyo si ya kubezwa. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2020 yalionyesha kwamba, kwa lengo la kuacha kabisa, utaratibu wa hatua kumi na mbili haukuzidiwa na tiba nyingine za mazungumzo, na mara nyingine ulizishinda. Tatizo ni kwamba wanaoweza kuifuata ni wachache. Mvuvi akiondoka miezi mitatu, watoto wake watakula nini? Mwanamke anayekunywa kwa siri hawezi kuaga mtaa mzima na kusema aendako. Tena katika kisiwa ambacho kila mtu anamjua mwenzake, kukiri hadharani si jambo jepesi kama lilivyo katika jiji la watu wasiofahamiana. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa aliyeikosa njia hiyo moja hukaa bila tiba yoyote, mpaka siku anapofikishwa Hospitali ya Wilaya, Kilindoni, akiwa na tumbo lililojaa maji na macho ya manjano.

Badala ya kuuliza kama mgonjwa yuko tayari kusafiri, mhudumu wa zahanati anaweza kuanza kwa kuuliza anakunywa kiasi gani. Dodoso la AUDIT, lililotayarishwa na Shirika la Afya Duniani kutokana na utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, lina maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Alama 8 hadi 15 kwa kawaida huhitaji ushauri wa wazi wa kupunguza. 16 hadi 19 huhitaji unasihi mfupi na ufuatiliaji. 20 na zaidi hudai uchunguzi kamili wa utegemezi. Dodoso hilo huhesabu kwa vipimo vya gramu 10 za kileo halisi, na hapo ndipo tembo linapowapoteza wengi. Tembo lenye nguvu ya asilimia 5 hubeba karibu gramu 40 katika lita moja, yaani vipimo vinne. Anayesema alikunywa chupa mbili tu, na chupa zenyewe ni za lita moja moja, amekunywa vipimo vinane. Tena tembo la jioni si sawa na la asubuhi. Mhudumu asiyeuliza chombo gani na tembo la saa ngapi atapata alama isiyo ya kweli.

Kuna swali jingine ambalo dodoso hilo haliulizi moja kwa moja, nalo ni muhimu kuliko yote: mgonjwa huwa na hali gani anapokosa pombe? Ubongo uliozoea kileo cha kila siku hujirekebisha ili ufanye kazi ukiwa umetulizwa. Kileo kikiondolewa ghafla, ubongo hubaki umechachamaa. Mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka na usingizi hupotea katika saa za mwanzo za siku ya kwanza. Degedege huweza kutokea kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya wagonjwa huweweseka: huona wadudu ukutani, hawajui walipo, homa hupanda na moyo hwenda mbio. Hali hiyo isipotibiwa huweza kuua. Jamaa wakidhani kuwa mtu wao amepandwa na shetani, humpeleka kwa mganga saa ileile anayohitaji diazepamu.

Mafia ina nyakati mbili ambapo jambo hili hujitokeza lenyewe. Ya kwanza ni Ramadhani. Baadhi ya wanywaji huacha mwezi mzima kwa heshima ya funga, na mhudumu mwenye busara huuliza habari za siku tatu za mwanzo. Aliyefunga bila taabu isipokuwa hamu, huenda utegemezi wake wa mwili si mkubwa, na ushauri wa zahanati unaweza kumtosha. Aliyetetemeka, aliyeanguka degedege au aliyelazimika kunywa usiku ili atulie, huyo asiambiwe aache peke yake. Wakati wa pili ni dago. Wavuvi wanaohamia kambi za mbali kwa majuma kadhaa, mahali pasipo na tembo, huacha bila kukusudia. Nahodha akimwona baharia wake anatetemeka na kuongea yasiyoeleweka siku ya pili tangu watie nanga, asimwache alale hadi apone. Amrudishe ufukweni akatibiwe.

Hatari hiyo inagusa hata rufaa. Kutoka Kilindoni hadi Nyamisati ni saa kadhaa baharini, na kusi inapovuma mawimbi huwa makubwa. Familia nyingi humzuia mgonjwa asinywe tangu jana ya safari ili asiwaaibishe chomboni, hivyo hupanda boti akiwa ndani ya saa mbaya kuliko zote. Ni salama zaidi kumtuliza kwanza hospitalini kwa diazepamu inayopunguzwa siku hadi siku, kumpa maji na chakula, pamoja na thiamini, ambayo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huipendekeza kwa miligramu 100 kwa siku kwa muda wa siku tano. Mgonjwa aliyekonda, anayeyumba bila kunywa au mwenye macho yanayochezacheza huhitaji thiamini ya sindano katika dozi kubwa zaidi bila kuchelewa, kwa sababu upungufu wake huharibu kumbukumbu moja kwa moja. Akihitaji glukosi, apewe vyote viwili. Baada ya siku hizo chache, wengi hawana tena haja ya kuvuka.

Kinachofuata ni mazungumzo, na hapa habari ni njema. Huko Goa, India, washauri wasio wataalamu wa akili walifundishwa unasihi mfupi na kuutoa katika vituo vya afya ya msingi kwa wanaume waliokuwa na alama 12 hadi 19. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba baada ya miezi mitatu asilimia 36 ya waliopata unasihi walikuwa wametoka katika unywaji wenye madhara, ikilinganishwa na asilimia 26 ya waliopata huduma ya kawaida. Eldoret, Kenya, wahudumu wasio na shahada ya saikolojia waliendesha vikao sita vya vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, katika utafiti wa watu 614 wanaoishi na VVU; unywaji ulipungua kuliko kwa waliopewa elimu ya afya tu. Hapa Tanzania, Hospitali ya KCMC, Moshi, imejaribu mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambamo muuguzi huzungumza kwa muda mfupi na majeruhi aliyefika idara ya dharura, na ujumbe wa simu hufuata baadaye. Hakuna lolote kati ya hayo linalodai jengo jipya.

Hata hivyo, neno tiba ya mtu binafsi lisifanywe hirizi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa 1,726 katika aina tatu za mazungumzo, wakitarajia kugundua tabia ya mgonjwa inayooana na kila aina. Matokeo ya mwaka 1997 yaliwavunja moyo: aina zote zilisaidia karibu sawasawa, na kulinganisha tabia na tiba kuliongeza kidogo sana. Kwa hiyo mhudumu asipoteze siku akitafuta mazungumzo yanayofanana na nafsi ya mgonjwa. Kinachotofautiana kwa kweli ni uzito wa utegemezi, magonjwa mengine, kazi, umbali, siri, na lengo ambalo mgonjwa mwenyewe yuko tayari kulifuata.

Lengo hilo si lazima liwe kuacha kabisa tangu siku ya kwanza. Mnywaji ambaye hajafikia utegemezi anaweza kupunguza na akapona. Lakini mjamzito, mwenye ini lililoharibika, mwenye kifafa, au aliyewahi kupata degedege kwa kukosa pombe, hawana nafasi ya kupunguza kidogo kidogo bila mwisho. Kwao lengo ni kuacha, chini ya uangalizi. Aliyekataa kuacha naye asifukuzwe. Akikubali kula kabla ya kunywa, kutopanda mnazi wala kushika usukani akiwa amelewa, tayari ameipunguzia familia yake hatari ya kumzika.

Dawa za kupunguza hamu zipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati katika orodha yake ya dawa muhimu. Naltreksoni hupunguza ladha ya ulevi na huweza kuanzwa hata kabla mgonjwa hajaacha. Haimfai anayetumia dawa za jamii ya afyuni, ikiwemo methadoni, wala mwenye ini lililozidiwa. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi. Humezwa mara tatu kwa siku na haimfai mwenye figo dhaifu sana. Disulfiramu, ya zamani kuliko hizo, humfanya anywaye atapike, ashindwe kupumua vizuri na moyo umwende mbio. Kwa mwenye msimamizi nyumbani inaweza kufaa. Kwa mvuvi anayekwenda peke yake na ngalawa ni dawa ya kuogopwa, kwa kuwa athari yake huweza kutokea hata wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho, na katikati ya bahari hakuna wa kumshika.

Mgema ni mgonjwa wa namna ya pekee, kwa sababu kileo ndicho kazi yake. Huonja ili ajue tembo limefikia wapi, na hulipwa kwa tembo. Kumwambia akae mbali na pombe bila kugusa kazi yake ni kumpa cheti kisichotumika. Mazungumzo naye hufika kwenye mnazi wenyewe: karara isiyogemwa itazaa nazi, tembo lililochachuka huweza kuuzwa kuwa siki, pengine ndugu anaweza kupanda kwa zamu mpaka hamu itulie. Huo ni unasihi pia, japokuwa haumo katika vitabu vingi.

Familia nazo huja na maombi yao. Lililo baya zaidi ni la kupewa dawa ya kumtilia mgonjwa katika chai bila yeye kujua, ili aichukie pombe. Mhudumu akatae. Disulfiramu ya siri huweza kumuua mtu asiyejua kwa nini anapaswa kujihadhari, na mizizi isiyojulikana huweza kulimaliza ini lililokwisha kuchoka. Kombe la kunywa na dua ya sheikh ni jambo jingine. Mgonjwa anayeomba msaada wa dini yake asizuiwe, mradi diazepamu isicheleweshwe. Sheikh au padri anayejua dalili za hatari humleta mgonjwa mapema kuliko bango lolote la ukutani.

Kurudia kunywa hutokea mara nyingi, hasa katika miezi ya mwanzo, na ni sababu ya kuipitia tiba upya, kama inavyofanywa kwa mwenye shinikizo la damu ambaye vipimo vyake vimepanda. Mhudumu huuliza ni siku gani, na nani, baada ya nini. Kisha hubadilisha dozi, dawa, au lengo. Anayeandika tarehe ya kurudi kliniki azingatie pia mwezi na maji. Mvuvi wa pweza hatakuja wakati wa bamvua, na mvuvi wa dagaa hatakuja usiku wa giza ukimngoja kazini; wa kwanza apangiwe maji mafu, wa pili siku za mbalamwezi, na namba ya simu iandikwe kwenye kadi kwa idhini ya mgonjwa mwenyewe.