Kuuzisha motokari ya nyumbani bila kupoteza feza ya watoto



Motokari ya zamani iliyotunzwa vizuri haikosi mnunuzi hapa Luano. Shida iko katika namna ya kuiuzisha. Mara nyingi feza yake imekwisha kupangwa: minerevali, mabati, mtaji wa duka. Karatasi moja ikikosewa, feza inapotea, ao polisi wanagonga mlango kwa ajili ya ajali ambayo si yenu.

Kwanza, patana nyumbani. Kodi ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya bwana wake. Sheria ya tarehe 15 julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa inataka bibi na bwana wapatane. Tunaona kwenye kuta za mji maandishi: «Nyumba hii si ya kuuzisha». Yanatukumbusha kwamba mali huuzishwa hata bila wenyewe kujua. Wote wawili watie sahihi, na mnunuzi naye atatulia.

Bei. Tembea, uliza bei za motokari za mwaka ule ule. Kongo tunaendesha upande wa kuume, lakini nyingi zinazotoka Japani kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa zina usukani wa kuume. Kama yenu ina usukani wa kushoto, sema hivyo mapema. Ukimtumia komisioneri, mpatane sehemu yake mbele ya kumleta mnunuzi, na bei uitaje wewe mwenyewe kwa mnunuzi, uso kwa uso.

Ukweli unauzisha. Wazee husema kizuri chajiuza, lakini mnunuzi wa leo anataka ushahidi. Toa risiti za mafuta ya injini, breki na chujio la hewa, maana vumbi letu jekundu la kiangazi huziba chujio upesi. Osha motokari, lakini usipake rangi mpya kufunika kutu. Mnunuzi atafikiri unaficha ajali. Acha injini ikiwa baridi, aiwashe mwenyewe, na aje na fundi wake. Kama kioo cha dirisha hakishuki, mwambie kabla hajakigusa. Kasoro iliyosemwa inapunguza bei kidogo. Iliyofichwa ikionekana, anaanza kushuku hata injini nzuri.

Kujaribu njiani. Iwe mchana, na ndugu ao kijana wa nyumbani aketi ndani. Mbele ya kutoka, tazama karti yake ya uchaguzi na uandike namba. Ufunguo wa pili na karti roze ya asili vibaki kwako.

Malipo. Pahali pazuri ni ndani ya banki. Pale watapima noti kama ni za kweli. Angalia pia noti iliyopasuka, hata kidogo, maana kesho sokoni hakuna atakayeipokea. Kama analipa kwa simu, usiamini ujumbe anaokuonyesha. Fungua hesabu yako mwenyewe uone kilichoingia. Usipokee nusu na ahadi, halafu ukatoa ufunguo.

Karatasi ya mauzo. Andikeni mbili zinazofanana: majina na adresi zenu, namba za vitambulisho, plaki, namba ya shasi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, na kwamba mnunuzi amekagua motokari na kuipokea ilivyo. Tia tarehe na saa. Saa ni ya lazima: akigonga mtu jioni ile ile, itaonyesha ni nani alikuwa na motokari. Mashahidi wawili watie sahihi, kisha mpeleke kwa notere.

Hatua inayosahauliwa. Wengi husema «karti roze tutabadilisha baadaye». Motokari inapita mikono mitatu, na jina lililoandikwa lingali lako. Patana siku ya kwenda pamoja DGI kubadilisha jina, na nani atalipa, mbele ya kupokea feza. Julisha pia kampuni ya asiransi kwamba umeuzisha. SONAS haiko peke yake tena tangu sheria ya 2015 ilipofungua mlango kwa kampuni zingine, kwa hiyo tazama vizuri jina lililo kwenye karatasi yako.

Nakala yako ya mauzo iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Plaki ile ikiulizwa hata miaka ijayo, utakuwa na jibu mkononi.